Aliyeuona Mlipuko Kwanza

Haya yalimpata Wardiya binti Masaud, jirani yetu wa ghorofa ya tatu. Ukisikia mtu anasimulia kwamba yalitokea kwingine, jua tu kwamba hakuwahi kukaa kwenye jengo letu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa siku ya shaka, mwisho wa Shaabani, siku ambayo mji wetu wote wa Konstantina hunukia giligilani na kila mtu huuliza swali moja. Wardiya alikuwa akishuka ngazi kwenda kazini baada ya adhuhuri, mkate wa semolina ameufunga kwenye kitambaa, Mama Zulikha wa ghorofa ya pili akamtolea kichwa mlangoni, viganja vyeupe kwa unga.

"Wewe mtu wa nyota! Kesho tunafunga au hatufungi?"

"Mama, sisi hatutazami mwezi. Tunatazama milipuko ya miale, mbali huko."

"Sasa wanawalipa kwa kazi gani, kama hata mwezi hamuujui?"

"Hata mimi najiuliza."

"Basi mwezi ukichelewa, hii supu ya frik, ya ngano mbichi, ninayopika mtakuja kuimaliza nyie."

Wardiya alicheka, lakini kicheko hakikushuka chini ya meno. Moyoni alikuwa na hasira ya miezi mitano. Alikuwa akisaga meno usingizini mpaka mama yake, anayelala naye chumba kimoja, akawa anaamka na kumtikisa bega.

Alikuwa mchambuzi katika kitengo kidogo cha chuo, kitengo kinachopokea habari za darubini moja iliyoko angani, mali ya nchi nyingi. Darubini hiyo ina macho kumi na mawili yanayotazama pande zote. Karibu kila siku miale ya gama huyapiga macho hayo kutoka mbali mno, halafu inazimika. Milipuko mingine hudumu dakika nzima. Mingine haifiki sekunde mbili, na hiyo mifupi ndiyo inayotafutwa sana, kwa sababu inasemekana hutokea nyota mbili zilizokwisha kufa zinapogongana. Shida ni kwamba anga haijawahi kunyamaza. Kuna mvumo wa miale midogo midogo kutoka kila upande, mchana na usiku. Mchambuzi huupima mvumo huo kabla ya mlipuko na baada yake, anauchorea mstari, kisha anautoa. Kinachobaki ndicho mlipuko wenyewe. Kinachotolewa hakuna anayekitazama.

Miezi mitano nyuma, Wardiya alikuwa ameuchukua mlipuko ambao dunia nzima iliuandika kuwa mrefu, akaonyesha kwamba ni mfupi, ila una mkia hafifu uliowadanganya watu. Ilimla wiki nyingi na macho yake mawili. Bosi wake, Profesa Lamin Bendris, akaibeba kazi hiyo mpaka Ulaya, akaisoma mbele ya watu, akapigiwa makofi. Mwishoni aliandika shukrani kwa W. kwa msaada wa kompyuta. W. Mtu mzima, miaka tisa ya masomo, amepewa herufi moja.

Wardiya alimfuata ofisini.

"Profesa, ile kazi ni yangu."

"Yako? Kompyuta ni ya nani? Umeme wa nani?" Hakuinua hata uso. "Sikiliza, binti. Chumba hiki kina jicho moja tu, nalo ni langu. Kila kinachoonekana humu, nimekiona mimi kwanza. Wewe ukitaka jina, kaolewe, utapewa la mumeo."

Munir, mpwa wa profesa, ambaye kazi yake pale haikujulikana isipokuwa kunywa kahawa, alicheka mpaka akajimwagia.

Maneno hayo Wardiya aliyarudia nyumbani neno kwa neno. Aliyarudia wiki ya kwanza, akayarudia mwezi wa pili, na siku mbili kabla ya siku ya shaka akayarudia tena, safari hii Khalti Hadda akiwepo. Khalti Hadda alikuwa dada mkubwa wa mama yake, mjane, anakaa juu kule karibu na makaburi. Wanawake walioachwa bila kosa walikuwa wakipanda kwake na nyuso za kulia, wakishuka na nyuso nyingine. Yeye alikuwa akishusha mwezi. Watu wa kwetu wanaelewa maana yake, na asiyeelewa asiombe kuelewa. Beseni, maji, makaburi, mwezi mpevu. Mwezi unaitwa kwa majina mpaka unaingia majini na maji yanatoa povu. Povu hilo akipakwa mtu, basi.

"Amesema kila kitu kakiona yeye kwanza?" Khalti Hadda aliuliza.

"Kila kitu, khalti."

"Vizuri. Nitampa cha kuona."

"Subiri basi mwezi ukomae," mama yake Wardiya alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia maembe sokoni.

"Nisubiri vipi? Ramadhani hiyo mlangoni. Ikiingia, mashetani wote wanafungwa minyororo, hakuna wa kuniitikia mpaka Idi. Nitaushusha jioni ya siku ya shaka. Nchi nzima itakuwa imeinua shingo inautafuta. Hautaweza kujificha."

Wardiya alijua. Mtu aliyesoma anga miaka tisa anajua kwamba jioni ile mwezi haupo. Unazama pamoja na jua, mweusi, hauna hata ukucha wa kuonyesha. Neno lilimfika kooni. Kisha akalikumbuka lile "kaolewe", na kile kicheko cha Munir.

"Fanya unavyojua, khalti," alisema.

Zamu ya Konstantina huanza alasiri hadi mwanzo wa usiku. Siku ile chumba kilikuwa kimetulia. Munir alikwenda kutafuta zalabia, profesa alikuwa ofisini kwake na mlango wazi, televisheni yake ikionyesha kamati ya mashekhe wakingoja habari za mwandamo. Jua lilikuwa linaingia. Muadhini wa msikiti wa chini alianza kuadhini magharibi.

Simu ya zamu ikalia.

Wardiya akafungua habari iliyotumwa na darubini. Mlipuko. Aliukuza mchoro, akaukuza tena. Ulikuwa umechomoza kama sindano na kuanguka kama sindano. Nusu sekunde haukufika. Miale yake ilikuwa mikali kuliko yoyote aliyowahi kupima. Ulimwengu mzima ulikuwa bado haujaugusa. Wa zamu za nchi nyingine walikuwa wamelala au wanakula.

Huu ni wangu, alijiambia. Safari hii hauibiwi. Nitaung'ang'ania kwa meno.

Akaanza kazi kwa utaratibu wake. Kwanza mahali. Darubini hujua upande mlipuko ulikotoka kwa kulinganisha macho yake, jicho linaloelekea kwenye chanzo hupigwa zaidi. Akalinganisha. Akadhani amekosea, akalinganisha upya. Macho yanayotazama nje, kwenye nyota, hayakuona kitu. Yaliyopigwa ni yale yanayotazama chini. Radi kubwa huweza kufanya hivyo, lakini mwako wa radi hauchukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huu ulikuwa umekaa. Chanzo kilikuwa chini ya darubini. Kilikuwa kati ya darubini na sisi.

Akasema haidhuru, mahali patajulikana baadaye. Akahamia kwenye mvumo. Akachora mstari wa kabla, akachora wa baada, aiunganishe apate cha kutoa.

Haikuungana.

Mvumo wa baada ulikuwa chini. Si sana. Kama maji kwenye ndoo ambayo mtu ametoa jiwe ndani yake. Alibadilisha sehemu aliyopimia. Chini. Alichukua jicho jingine. Chini. Alirudi jana yake, saa ambayo darubini ilikuwa imepita mahali pale pale, akaweka mistari pamoja. Jana mvumo ulikuwa juu. Mwezi uliopita, juu. Alirudi mpaka siku ya kwanza darubini ilipofunguliwa macho. Juu, juu, juu, sawasawa miaka yote.

Aliondoa mikono kwenye vibonye.

Kulikuwa na kitu kule. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza, kimetulia, kinahesabiwa pamoja na mvumo. Kila siku, kwa mkono wake mwenyewe, Wardiya alikuwa akikipima na kukitoa, bila kukitazama. Sasa hakipo. Kimeondoka mahali pake.

Na kilielekea chini.

Simu yake ya mkononi ikatetemeka. Khalti Hadda.

"Khalti?"

Kulikuwa na pumzi tu. Halafu sauti ya chini kabisa, kama mtu aliyefunika mdomo kwa sanda ya maiti.

"Ini langu, mwanangu. Una mtu hapo?"

"Niko peke yangu."

"Mwezi haukuwepo."

"Najua."

"Ulijua?"

Wardiya aligeuka kuutazama mlango wa profesa.

"Nimemwita asiyekuwepo," Khalti Hadda alinong'ona. "Muadhini ameanza, mimi bado naita. Akaja mwingine. Maji hayakutoa povu, Wardiya. Yalinyamaza. Nimelipiga beseni kwa kijiko cha shaba, halikulia. Nimepiga yowe, sikujisikia."

"Toka hapo makaburini. Nenda nyumbani."

"Kiliniuliza."

"Kiliulizaje kama hapakuwa na sauti?"

"Usiniulize kiliulizaje!" Akavuta pumzi. "Kiliuliza ni cha nani. Kimeitwa, kinamtaka mwenyewe. Mimi nina wajukuu, ini langu, niliogopa. Nikayakumbuka maneno ya yule mwizi wako. Nikakiambia, nenda kwa aliyekuona kwanza."

Wardiya alitazama kioo cha kompyuta. Sindano ile ilikuwa imesimama palepale. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeifungua kabla yake.

"Khalti. Umefanya nini?"

"Si ni yeye? Si ulisema ni yeye siku zote?"

Simu ikakatika. Nje, adhana ilikuwa imekwisha. Wardiya alingoja sauti za kawaida za baada ya adhana, viti vya mkahawa, milango, watoto. Hazikuja.

Kisha vikaja viatu vya profesa kwenye sakafu, ko, ko, ko, na Munir nyuma yake anatafuna.

"Nimesikia simu ya zamu. Mfupi?"

"Mfupi."

"Mfupi kiasi gani?"

"Haufiki nusu sekunde."

Profesa aliinama juu ya bega lake, akanuka kahawa na manukato. Macho yalimng'aa kama ya mtoto aliyeona peremende ya mwenzake. "Mbona mistari yako haikutani?"

"Mvumo umeshuka baada ya mlipuko. Haujarudi."

"Mvumo haushuki, binti. Umekosea wewe. Tumia wa kabla peke yake, wa baada futa."

"Profesa, kulikuwa na kitu pale ambacho sasa..."

"Futa."

Akafuta.

"Haya. Tangazo liende kabla Wachina hawajaamka." Alijivuta kiti. "Nani ameuona kwanza?"

Swali hilo huulizwa kila mara kabla ya tangazo. Anayetajwa ndiye mwenye mlipuko. Wenye darubini kubwa humpigia yeye, na wenye kuandika vitabu humtaja yeye. Miaka tisa Wardiya alikuwa ameliishi swali hilo. Alikuwa amelijibu kwenye kioo cha bafuni. Sasa neno "mimi" lilikuwa mdomoni, lina uzito wa jiwe.

Profesa hakumngoja. "Nimeuona mimi. Munir, wewe andika wa pili."

"Na huyu?" Munir aliuliza, kidole kikimwonyesha Wardiya.

"Huyu mshukuru mwishoni."

Kama angenyamaza hapo, pengine Wardiya angemwambia. Huwa nataka kuamini angemwambia. Lakini alisema mshukuru, na akasema huku anatabasamu, na kitu kilichokuwa kimekaza ndani ya kifua cha yule binti miezi mitano kikakatika.

"Sema tena," Wardiya alisema.

"Nini?"

"Nani ameuona kwanza? Sema kwa sauti."

"Una wazimu leo?" Profesa alisimama, akajipiga kifua. "Mimi! Mimi, Lamin Bendris, nimeuona kwanza. Umetosheka?"

Chukua, Wardiya alisema moyoni. Chukua chote.

Juu ya mlango kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, ya kelele, waliyoizoea. Mshale wake uliendelea kuzunguka. Ila haukulia tena.

Wardiya alichukua mkoba wake akaondoka. Usiku ule, mama yake anasema, hakusaga meno hata kidogo.

Kamati ilitangaza kwamba mwezi haukuonekana, Shaabani ikatimizwa thelathini, kisha tukafunga. Wote wa kufungwa minyororo walifungwa. Lakini siku za mwanzo za Ramadhani wanafunzi wa chuo walianza kusemezana pembeni. Chaki ya profesa hailii ubaoni. Profesa akikohoa unaona mabega tu yanapanda. Viatu vyake vile vya ko, ko, ko vilikuwa vinakanyaga kama vya paka. Mwenyewe alikuwa kama hajui. Alifundisha saa nzima, mdomo unakwenda, mikono inarushwa, na darasa lililojaa watu halikusikia hata neno. Hakuna aliyecheka.

Wardiya alikutana naye kwenye korido. Profesa alimkamata mkono. Alisema kitu, akasema tena, akakisema karibu na uso wake, mate yakimrukia. Wardiya alisoma midomo.

Kinauliza. Kinauliza. Kinauliza.

Alimtazama. Hasira ilikuwa bado ipo, nzima, haijapungua hata robo. Akavuta mkono wake.

Jioni ile, karibu na futari, gari la profesa lilikutwa karibu na daraja la kamba za chuma linalovuka korongo, limesimama katikati ya njia. Polisi alisema alidhani limezimwa, mpaka alipoweka kiganja juu ya boneti na kuhisi injini inatetemeka. Ndani kulikuwa na tende na chupa ya maziwa. Korongoni walishuka watu wenye kamba wakatafuta siku nne. Hawakupata hata kiatu.

Wiki iliyofuata Munir alimjia Wardiya kwenye meza yake. Alikuwa amekonda, kahawa ameacha.

"Dada Wardiya, njoo usikie."

"Nisikie nini?"

"Njoo usisikie, basi."

Mkononi alikuwa na kile kidude cha kupimia miale wanachofundishia wanafunzi, kinacholia tiki, tiki. Hulia popote, kwa sababu kila kitu duniani kina miale yake kidogo, mawe, ndizi, mifupa ya mtu. Munir alikipitisha ukutani. Tiki. Kwenye kifua chake. Tiki, tiki. Akakipeleka juu ya kiti cha profesa.

Hakuna.

Munir alikizima kidude.

"Mimi aliniandika wa pili," Munir alinong'ona. "Wa pili ana hatari?"

"Sijui, Munir."

"Muulize yule khalti yako, mji mzima unajua kazi yake."

Wardiya alikuwa ameshapanda kwa Khalti Hadda mara tatu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mara ya tatu mwanamke yule alisema kitu kimoja tu kupitia tundu la ufunguo. Alisema, "Nimekosea mtu, sivyo?"

Kesho yake kiti cha profesa kililia tiki kama vingine. Munir alilia kwa furaha. Wardiya akamnyang'anya kidude, akapima sakafu, polepole, kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Mlangoni mwa ofisi, hakuna. Siku ya pili, mlangoni palilia, na kimya kilikuwa kwenye korido. Siku ya tatu kilikuwa mbele ya ubao. Kilikuwa kinatembea. Kilikuwa kimepewa mtu asiye wake, kimemaliza kumpekua, na sasa kinamtafuta mwenyewe. Kikafika hatua chache kutoka meza ya Wardiya, kikakaa hapo. Kana kwamba hakina uhakika.

Aliacha kwenda kazini. Kidude alikwenda nacho nyumbani.

Siku za mwisho za Ramadhani simu ikaja kutoka Italia. Alikuwa Dokta Ornella, mama mmoja anayesimamia zamu za nchi zote, mtu mwema, sauti yake ina kicheko hata akizungumza habari za msiba.

"Wardiya, nimesikia ya profesa wenu. Pole. Lakini kuna jambo nimeliona, na siwezi kulala nalo. Mashine zetu zinaonyesha ni wewe uliyeufungua ule mlipuko. Yeye hakuugusa kabisa."

"Acha lilivyo."

"Nini?"

"Acha jina lake pale pale."

"La mtu aliyekuibia? Na ule wa miezi mitano kabla yake pia ulikuwa wako, sasa hivi najua. Nitasahihisha yote mawili. Unastahili."

"Mama Ornella, nakuomba. Msiniandike."

"Wamekutisha?"

"Hakuna aliyenitisha! Miaka tisa nimelia mniandike, mlikuwa wapi? Mlikuwa mnapiga makofi! Mlimpigia makofi yeye! Leo nawaambia acheni, ndiyo mnapata masikio?" Alikuwa amesimama, anapayuka, sisi wa chini tulimsikia mpaka kwenye ngazi. "Lifute! Uweke la Munir, la paka, la yeyote! Sikuuona mimi! Sikuona kitu!"

Upande wa pili Dokta Ornella alikuwa analia pia, kwa huruma. "Nimewaona wasichana wengi wakitishwa mpaka wanakikana kilicho chao," alisema. "Kwako sitakubali. Niache nifanye jambo hili moja la haki."

Akakata.

Wardiya alipiga tena na tena. Haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaandika mwingine. Mama yake alikuwa jikoni anakaanga bureki, sambusa za futari, na hakutaka kumuuliza, kwa sababu uso wa bintiye ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine. Wardiya aliingia chumbani akaketi kitandani, kidude kimewashwa mapajani.

Tiki. Tiki, tiki. Tiki.

Mama alikuwa anakisikia kutoka jikoni. Anasema kilikuwa kinamkera, kama bomba linalovuja.

Tiki.

Simu iliwaka. Tuliusoma ujumbe ule baadaye, polisi walipokuja. Ulikuwa mfupi. *Sahihisho limetoka. Jina lako liko mwanzo, jina zima, na dunia nzima imeliona. Hongera, mwanangu.*

Tiki, tiki.

Tiki.

Mama aligeuza bureki moja. Akageuza nyingine. Ilimpitia akilini kwamba bomba limeacha kuvuja. Akainua macho, Wardiya alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ameshika fremu pande zote, mdomo wazi, wazi kabisa, mishipa ya shingo imetutumka. Alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote.

Kilichosikika jikoni ni mafuta tu.

Wardiya hajaonekana tangu jioni ile. Mama yake siku hizi anakaa kwa ndugu zake mji wa Batna, na anamwambia kila mtu kwamba bintiye amepata kazi nje. Nimeongea na ndugu wa Batna. Wanasema jina la binti huyo halitajwi pale ndani, akilitaja mtu, mama anamziba mdomo kwa kiganja na kutazama dari. Alinyimwa jina alipolililia, akashindiliwa nalo alipolikataa, na hakuna hata mmoja kati yao, mwizi wala mwema, aliyemsikiliza alipokuwa bado ana sauti.

Ghorofa ya tatu imefungwa kwa kufuli. Watoto wa jengo hawachezi mpira kwenye ngazi za kule, kwa sababu mpira ukidunda mbele ya mlango ule haulii. Tulishazoea.

Jana mdogo wangu aliuangusha ghorofa ya pili. Ulidunda ngazi baada ya ngazi mpaka mlangoni petu, nikauona unakuja, nikausubiri niusikie.